Mwizi Aliyeacha Buli Akabeba Kifuniko

Mwizi aliingia nyumbani kwangu mchana kweupe. Akaipita televisheni, akaipita saa ya marehemu baba yangu, akafungua kabati la vioo na kuchukua kifuniko cha buli la chai.

Buli lenyewe aliliacha.

Kifuniko tu. Kitu kinachoenea kiganjani.

Nilijua kimeondoka hata kabla sijalitazama kabati. Nilikuwa jikoni napaka mkate siagi, basi la kwenda Hanley likapita barabarani, na nyumba ikabaki kimya.

Nyumba zetu hizi za matofali zimebanana na barabara. Basi likipita, sakafu hutetemeka kidogo, na kile kifuniko kilikuwa kikigonga mdomo wa buli. Ting. Ting.

Tangu mke wangu Hazel afariki, nilizoea kuijibu ile sauti.

"Nipo, bata," nasema, kisha naendelea na shughuli zangu.

Kwetu Longton, mji wa vyombo vya kauri huko Uingereza, mtu ukimpenda unamwita bata, awe mwanamke awe mwanamume, na hakuna anayenuna.

Siku hiyo ya Alhamisi basi lilipita, nikasubiri kujibu, na hapakuwa na cha kujibu. Nikaenda sebuleni kisu cha siagi kikiwa bado mkononi.

Buli lilikuwa wazi juu, kama mtu aliyevuliwa kofia msibani.

Mimi naitwa Cyril Bloor. Nimeendesha mabasi hapa mjini mpaka nikastaafu. Mambo ya kauri sikuyasomea. Nimeyajua kwa kushika, kuuliza, na kukosea.

Watu wa huku tuna ugonjwa wetu. Tukikaa mezani, kabla ya kula tunapindua sahani kuona imetengenezwa na nani. Tunafanya hivyo harusini, hospitalini, hata ugenini kwa watu wa heshima. Mjomba wangu aliwahi kuinua sahani yenye mchuzi juu ya kichwa chake ili achungulie chini. Hakumwaga hata tone. Aliirudisha mezani akasema, "Ya kwetu," ndipo akala.

Tusamehewe. Bibi zetu walipaka maua kwenye vyombo hivyo, babu zetu walivichoma tanuruni.

Lakini chombo cha zawadi hakipinduliwi.

Mtu akikupa kikombe kwa mkono wake, ukakigeuza kutazama chini, ni kama umemuuliza kakinunua wapi na kwa nini si kizuri zaidi. Mama yangu alitufundisha hivyo kwa kofi. Zawadi unaipokea wima, unaiweka wima, na inakaa hivyo.

Mimi nakusanya aina moja tu ya vyombo. Vina maua ya mbaazi-mwitu ya zambarau na kipepeo mmoja wa dhahabu. Vilitengenezwa hapahapa na kiwanda kidogo, zamani za mababu wa mababu, kikafa mapema na wenyewe wakasahaulika. Visahani unaweza kuvipata ukiwa na subira. Vikombe, kwa bahati. Mabuli ndiyo shida.

Katika chama chetu cha wakusanyaji, mabuli ya kipepeo yalikuwa mawili. Langu, lenye kifuniko. Na la Doreen Tams, lisilo nacho.

La Doreen lilitoka kwa bibi yake likiwa zima. Nimelishika mara nyingi mezani kwake, nikalipindua na kulipindua, maana kwangu halikuwa zawadi. Nikifumba macho naweza kuiona ile pembetatu ya nukta tatu nyekundu iliyoko chini yake.

Kisha siku moja Doreen akaja mkutanoni akasema kifuniko kimevunjika. Alikuwa anakiosha, kikamteleza sinkini.

Hebu fikiria. Chombo kilichopita vita na mafuriko kinakuja kufia kwenye povu la sabuni.

Watu hawakumwacha. Mwenyekiti wetu, Trevor Sherratt, alimpa jina siku hiyohiyo. Mama Sinki. Likashika.

"Mama Sinki, hivyo vikombe viache, tutaosha wenyewe."

"Jamani, Mama Sinki kasimama, shikeni vyombo!"

Doreen alikuwa akicheka pamoja nasi, kisha anachukua biskuti. Miaka yote hiyo. Na mimi nilikuwa nikicheka. Kicheko chenyewe hakikuwa na ubaya, nilidhani.

Buli langu lilikuwa zawadi ya Hazel.

Mapafu yalikuwa yameshamchosha. Krismasi yake ya mwisho aliniwekea sanduku mapajani, akakaa kunitazama, anahema kama aliyepanda kilima.

"Fungua basi, bata. Sina siku nzima."

Nikafungua. Buli la kipepeo. Na kifuniko chake juu.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka alisema, "Sasa unaweza kuacha kulitolea macho la Doreen."

Sikulipindua. Hata alipokwenda kulala, sikulipindua. Alifariki kabla theluji haijaisha, nikaliweka kwenye kabati la vioo, na hapo likakaa wima. Kulifuta vumbi nilitumia brashi laini, kifuniko kikiwa mahali pake. Wageni walitazama kwa macho.

Sasa mwaka jana akatokea mtaalamu, Bwana Fairley, kutoka Birmingham. Anaandika kitabu juu ya vyombo vya kipepeo. Alikuwa amezunguka kila mahali akipiga picha, na buli zima hakuwa ameliona popote. Akaniandikia kwamba atakuja Jumamosi kulipiga picha langu, na kwamba anafikiria kuliweka kwenye jalada.

Nilitangaza mkutanoni. Watu wakapiga makofi. Doreen alipiga makofi pia, lakini nilimwona mikono yake ikikutana polepole.

Na Alhamisi ile kifuniko kikaondoka.

Mlango haukuvunjwa. Ufunguo wa nyumba yangu wanao watu wawili. Mmoja ni binti yangu Alison, ambaye anaishi Uskoti na watoto wake. Mwingine ni Doreen. Alipewa na Hazel wakati wa ugonjwa, ili aingie na chapati za shayiri bila kumwamsha. Sikuwahi kumwomba aurudishe.

Nikampigia simu.

"Doreen, kifuniko cha buli hakipo."

Nilisikia kiti kikivutwa.

"Umetazama chini ya kabati, bata?"

"Nimetazama."

"Tazama tena," akasema, akakata simu.

Doreen ni mtu wa kuaga mara tatu. Siku hiyo hakuaga hata mara moja.

Nikakaa kitini. Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu, lakini hesabu haikuwa ngumu. Nani Longton nzima anahitaji kifuniko cha buli la kipepeo? Aliyevunja chake.

Ijumaa tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Sikutaka kusema, ila Trevor aliuliza kama nimelifuta vumbi buli kwa ajili ya mgeni, na uso wangu ukasema wenyewe. Ikabidi nieleze.

Trevor hakuzunguka.

"Nani ana ufunguo wa kwako?"

"Trevor, tusifanye hivyo."

"Nimekuuliza swali, Cyril. Nani ana ufunguo?"

Doreen akaweka kikombe chini. "Mimi ninao."

"Na nani hapa ana buli lisilo na kifuniko?"

"Unajua ni nani. Umenicheka nalo vya kutosha."

"Basi tuambie umekiweka wapi, yaishe. Mwenzako amefiwa. Kile ndicho kitu cha mwisho alichopewa na mkewe. Huoni hata haya?"

Nilimtazama Doreen. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme neno moja tu. Aseme sikuchukua, nami nimwamini mbele yao.

Alikuwa ananitazama mimi, si Trevor.

"Sina la kusema," akajibu. Akavaa koti lake na kutoka.

"Mnaona?" Trevor akasema. "Jumatatu tunapiga kura. Hatuwezi kukaa na mwizi kwenye chumba kimoja na vyombo vyetu."

"Nipeni muda nizungumze naye," nikasema.

"Muda wa nini? Arudi kuchukua na buli?"

Wengine walicheka. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa sijisikii vizuri. Mwanamke huyu ndiye aliyemwogesha Hazel wakati mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nikimpoteza Doreen, hakuna tena mtu hapa duniani ambaye naweza kumwambia "unakumbuka Hazel alivyokuwa" akakumbuka.

Jumamosi Bwana Fairley akaja. Kijana mpole, miwani imemteremka puani. Alisikitika kusikia habari ya kifuniko, akauliza kama anaweza walau kulipiga picha buli peke yake, na kulitazama chini.

"Mimi sijawahi kulipindua," nikamwambia. "Ni zawadi."

Hakuwa mtu wa kwetu, lakini alielewa. "Basi ugeukie dirishani, mzee wangu. Nitalipindua mimi."

Nikageukia dirishani.

"Ni halisi," akasema nyuma yangu. "Na safi kabisa. Alama ya mpakaji ni mwezi mchanga mwekundu."

"Alama ya nini?"

"Buli na kifuniko chake vilichomwa pamoja tanuruni, kifuniko kikiwa kimekaa juu, ndiyo maana vinakubaliana. Mpakaji akaweka alama moja chini ya buli na ileile ndani ya kifuniko, visipotezane. Kingekuwepo hicho kifuniko ningekitazama ndani kwanza kabla ya kutoa kamera."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wauzaji huokota buli huku, kifuniko kule, wanaviozesha. Kwa macho huoni kitu. Ila kifuniko cha kuazima hakitulii, kinachezacheza. Nikikuta hivyo, naandika kitabuni waziwazi, pamoja na jina la mwenyewe. Watu hunichukia, lakini nifanyeje?"

Nje basi likapita. Sebule ikakaa kimya.

Nikakumbuka ile ting, ting, na sikutaka kujiuliza zaidi.

Jumapili nilikwenda kanisani. Nilikaa nyuma, nikashindwa kuimba. Mahubiri yalipoanza nikatoka, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Mlango wangu ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa.

Niliingia taratibu. Doreen alikuwa amesimama mbele ya kabati, koti mwilini, kofia kichwani. Kiganjani mwake kifuniko kilikuwa kimelala chali, naye alikuwa anakifuta kwa leso.

"Doreen."

Mtu mwingine angekiangusha. Doreen amezaliwa Longton. Alishtuka mwili mzima, lakini mkono haukutikisika.

Maneno yote ya Trevor yalikuwa yameshanifika mdomoni. Nilikuwa karibu kuyatoa.

Kisha nikaona ndani ya kifuniko.

Nukta tatu nyekundu. Pembetatu.

Nilizitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wa mama yake. Ni zile za chini ya buli la Doreen.

Nikatafuta kiti.

Kwa hiyo kifuniko cha Doreen hakikuvunjika. Kilikuwa kwangu, juu ya buli langu, siku zote hizi. Na nani alikuwa akiingia jikoni kwa Doreen muda wowote anaotaka, bila hata kubisha hodi? Nani alitaka kwa kila hali mumewe apate buli zima kabla hajafumba macho?

Wasomaji wangu, kuna fikra ambayo ikikujia unatamani ungebaki na ile ya kwanza. Dakika moja nyuma rafiki yangu alikuwa mwizi. Sasa mwizi alikuwa mke wangu.

"Doreen," nikasema, "niambie ukweli. Hazel alikuibia?"

Alinitazama kama nimemtemea mate.

"Ushindwe, Cyril Bloor! Hazel? Hazel aliyerudi sokoni kwenye mvua kurudisha kitunguu alichozidishiwa? Mtu umelala naye kitanda kimoja maisha yako yote, unaniuliza mimi hivyo?"

"Hizo nukta ni za kwako."

"Najua ni za kwangu. Nimeziangalia tangu nikiwa mtoto." Akakaa, leso mkononi, kifuniko mapajani. "Alitafuta buli lako mwaka mzima, na pumzi zenyewe hana. Akalipata mnadani huko Leek. Bila kifuniko. Akaja kwangu, akaliweka mezani, akalitazama. Hakuomba kitu. Alisema tu, 'Nimechelewa, bata. Sitaweza kutafuta tena.'"

Nikakitazama kifuniko mapajani mwake.

"Nikaenda kabatini, nikatoa kifuniko changu, nikakiweka juu ya lake. Kilikaa. Kilichezacheza kidogo, tukasema wewe ni dereva wa basi, masikio yako yalishakufa. Alilia. Nikamwambia, 'Peleka, na usije ukamwambia.' Akaapa. Nami nikaapa."

"Halafu ukasema umekivunja."

"Ningesema nini? Mlikuwa mmekiona. Kilipaswa kupotelea mahali."

"Mama Sinki," nikasema.

"Mama Sinki," akaitikia, na akacheka kile kicheko chake cha kila siku, kile cha kabla ya biskuti. Safari hii nilikisikia.

"Na Alhamisi?"

"Yule kijana alilipiga picha buli la Marlene wa mjini Stone, lililobandikwa mkono mpya, akaliandika gazetini pamoja na jina la mwenyewe. Kwa aibu Marlene hatoki nje. Nikajua akiinua kifuniko chako, ataandika kwamba zawadi ya Hazel ni kiraka. Nilitaka kukiondoa mpaka aende, nikirudishe, wewe udhani ulikisahau mahali. Sikujua ungegundua siku ileile."

"Basi lilipita, buli halikulia," nikasema.

Hakunielewa, na sikueleza.

Akainuka, akakiweka kifuniko juu ya buli, akakizungusha kidogo kwa vidole viwili mpaka kikakaa. Basi likapita.

Ting.

Doreen akafumba macho. Miaka yote hiyo mimi niliisikia ile sauti nikadhani ni Hazel ananiita. Kumbe ni kifuniko kinachotafuta buli lake.

"Kesho watapiga kura wakutoe," nikamwambia.

"Wanitoe. Chai yao yenyewe maji."

"Nitawaambia."

"Hutawaambia. Ukiwaambia, Hazel atakuwa nani kwao? Mwanamke aliyemdanganya mumewe akiwa kwenye kitanda cha mauti. Nimekaa kimya ili asiwe huyo."

"Na wewe uwe mwizi?"

"Mimi nipo hai. Naweza kulibeba jina hilo."

Alitoka akiwa ameniachia ufunguo mezani.

Sikulala vizuri. Jumatatu nilifunga buli langu na kifuniko kwenye taulo, nikapita kwa Doreen. Hakufungua mlango, ingawa pazia lilisogea. Nikaenda peke yangu.

Mbele ya wote niliweka buli mezani. Nikaondoa kifuniko, nikakilaza chali. Kisha nikalipindua buli la Hazel kwa mara ya kwanza.

Mwezi mchanga huku. Nukta tatu kule.

Nikawaeleza yote. Mwenye kuelewa alielewa mapema, maana wote pale walikuwa wameshalipindua buli la Doreen.

Trevor alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Na mimi nilivyomwita..." akasema, akaacha.

Kisha mama mmoja upande wa dirishani akauliza, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo Cyril, lako si zima?"

"Si zima."

"Basi hakuna zima hata moja."

"Lipo," nikasema. "La Doreen. Siku zote kifuniko kilikuwa chake."

Jioni hiyo nilimpelekea kifuniko. Safari hii alifungua, akabaki amesimama mlangoni.

"Umewaambia."

"Nimewaambia. Kura haikupigwa. Wanakuomba urudi. Na hiki ni chako."

Hakukipokea.

"Nilimpa Hazel. Sikukupa wewe. Huwezi kunirudishia kitu ambacho sikukupa." Akafuta jicho kwa nyuma ya mkono. "Walipokuwa wananicheka, nilikuwa najua ninachekewa nini. Sasa nikiingia pale watanyamaza, watanivutia kiti, watanipa biskuti ya kwanza. Nitakaaje hapo, Cyril?"

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu.

Hajarudi chamani mpaka leo ninapoandika haya. Jumapili hupita kwangu na chapati za shayiri, tunakula, tunazungumza habari za mvua na bustani. Ufunguo nilimrudishia, akautia mfukoni bila neno. Hazel hatumtaji sana. Tutafika.

Kitabu cha Bwana Fairley kimetoka. Buli langu limo kwenye ukurasa wa ndani, likiwa wazi juu, na chini yake ameandika kwamba kifuniko hakijulikani kilipo. Sikumsahihisha. Siri hiyo moja nimemwachia Doreen.

Kifuniko kiko pale kabatini, juu ya buli lisilo lake. Basi likipita, hulia. Zamani nilikuwa naitikia jina moja. Sasa naitikia mawili.

Ninachotaka ubaki nacho ni hiki. Kama mahali pako pa kazi, mtaani kwako au kwenye familia yako yupo mtu mnayemcheka kwa kosa moja miaka nenda miaka rudi, naye hajawahi kujitetea, acha kucheka kwanza. Huenda hakukosea. Huenda amebeba kitu cha mtu, na mtu mwenyewe akawa ni wewe.